Mikia ya Maneno na Jabali la Ikonde

Siku ukungu ulipoikalia Kihungwe, kijiji cha mlimani, waliokuwapo penye kibanda cha mafunzo walikuwa hawa. Alikuwapo Nakijwa wa Mndeme, mwanamke mwenye umri, asiye na mtoto, aliyewafundisha watoto wa mlima ule hadithi na majina ya vitu. Wako wasemao Nakajwa. Jina lake ni Nakijwa. Alikuwapo Kajiru wa Mndeme, mdogo wake wa tumbo moja, aliyefika kutoka shambani na jembe lingali begani. Alikuwapo Nambike, mke wa Kajiru. Kisha watoto: Senkondo, na Mgonja aliyemfuata kwa kuzaliwa, na Nanzighe, binti wa mfua chuma. Namkunda, binti wa Kajiru na Nambike, hakuwapo. Alikuwa ametumwa jani, na ukungu ulishuka kabla hajarudi.

Lakini hamwezi kuielewa siku hiyo pasipo kujua milima ilivyokuwa zamani zile. Milima ilikuwa bubu. Mtu alipopaza sauti mbele ya jabali, sauti yake ilikwenda zake wala haikurudi. Wachungaji waliitana kutoka kilima hadi kilima, na kila mmoja alisikia sauti ya mwenzake peke yake. Mwanamke aliyepotewa na mbuzi aliita, na kilichomjibu kilikuwa mbuzi wake au kimya. Mwangwi haukuwapo. Hata jina lake halikuwapo, maana watu hawatungi jina la kitu wasichokijua.

Siku zile watoto wa Kihungwe walipofikia umri wa katikati, yaani wakubwa mno kukaa na mama zao jikoni na wadogo mno kuingizwa jandoni, walipelekwa kwa Nakijwa. Kibanda chake kilikuwa kwenye uwanda mdogo kando ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mifereji. Upande wa machweo ardhi ilishuka ghafla bondeni, na ng'ambo ya bonde lilisimama jabali liitwalo Ikonde. Upande wa macheo ardhi ilipanda taratibu mpaka kwenye genge, ukingo wenye poromoko kali, na pembezoni mwa genge hilo ulipita mpaka wa mashamba. Pale kibandani watoto walijifunza majina ya miti na vyombo, ya udongo na maradhi, na walijifunza hadithi za kwao.

Nakijwa alikuwa na namna yake ya kufundisha, naye aliipenda. Alilitoa neno kwa nusu ya kwanza, na watoto walilimalizia kwa pamoja. Aliinua mwiko akasema, "Huu ni mwi..." nao wakaitika, "...ko." Aliinua ungo akasema, "U..." nao wakaitika, "...ngo." Hadithi nazo zilikwenda vivyo hivyo. Alisimulia habari za fisi mwenye tamaa, jinsi alivyokwenda, akaenda, "aka..." na watoto wote wakaitika, "...fika." Alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo: kichwa cha neno ni cha mwalimu, mkia ni wa mtoto. Mtoto aliyejitia mbele akalianza neno mwenyewe alinyamazishwa na kuambiwa angoje apewe kichwa.

Wazazi walipenda kusikia sauti zile zikipanda kwa umoja kutoka kwenye uwanda. Waliokuwa mashambani walisimama kidogo, wakatazamana, wakasema watoto wanasoma. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto aliyekaa nyuma anaweza kuitika mwaka mzima pasipo kulijua neno hata moja zima.

Na hakuna aliyefikiri kwamba wapo wengine wanaosikiliza.

Ndani ya jabali la Ikonde kilikaa kitu. Hakikuwa na jina, na si vyema kukitungia moja sasa. Hakuna aliyekiona, kwa hiyo wanaokisimulia kuwa kilikuwa na jicho moja au nywele ndefu wanajitungia. Kinachojulikana ni kwamba kilikuwa hakina sauti, na kwamba kilikaa ng'ambo ya bonde kikiwasikiliza watoto wakiitika, siku baada ya siku, mvua na kiangazi. Kikajifunza. Lakini kilijifunza kama walivyojifunza wao. Sauti ya Nakijwa ilikuwa ya mtu mmoja, tena ya chini, haikuvuka bonde. Iliyovuka ni sauti ya watoto. Kwa hiyo kitu kile kilipata mikia ya maneno yote, na kichwa hata kimoja hakikupata.

Nakijwa alianza kukihisi majira ya vuli. Watoto walipomaliza kuitika, alisikia sauti moja ikichelewa nyuma ya wenzake, kama mtu anayefunga mlango wa mwisho. Alidhani ni Mgonja, aliyekuwa mzito wa kila kitu isipokuwa kula. Akamkaripia.

"Mimi nimeshafunga mdomo, Bibi," Mgonja akasema. "Niangalie."

"Labda ni tumbo lake," kaka yake Senkondo akasema. "Nalo linasoma."

Watoto wakacheka, na Nakijwa akaacha. Lakini siku iliyofuata sauti ilichelewa tena, na siku iliyofuata tena. Mwishowe aliwaambia watoto kwamba safari hii wasiitike, kila mtu auweke mkono mdomoni, na wakafanya hivyo huku wakitupiana macho, wakidhani ni mchezo. Nakijwa akaugeukia upande wa bonde, akainua mwiko wake, akapaza sauti kuliko desturi yake.

"Mwi..."

Kutoka Ikonde ikaja sauti ya kitoto, nyembamba, isiyo na haraka. "...ko."

Mikono ya watoto ilibaki midomoni ingawa hakuna aliyewaambia tena waiweke. Nakijwa aliushusha mwiko, akawaambia kwamba mafunzo ya siku hiyo yamekwisha, akawasindikiza mmoja mmoja hadi kwao.

Jioni ile alimweleza Kajiru. Kajiru alikuwa mtu mwema mwenye kicheko cha karibu, na Nakijwa ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, wakati mama yao alipokuwa mgonjwa, kwa hiyo waliambiana mambo. Kajiru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba huenda kuna mtoto wa ng'ambo anayewaigiza, na kwamba masikio ya dada yake yamekwisha kuzeeka. Nakijwa hakubisha. Alitaka sana iwe hivyo. Akaendelea kufundisha, na kuitika kukaendelea, na mkia mmoja ukaendelea kuchelewa, na watoto, kama ilivyo tabia ya watoto, wakauzoea.

Siku ya ukungu Nakijwa alikuwa akifundisha majina ya majani. Alimtuma kila mtoto jani lake. Namkunda alitumwa jani la sale, ule mmea unaopandwa mipakani ili majirani wasigombane. Sale lilikuwa limepandwa mpaka wa juu, karibu na genge, na mpaka wa chini, kuelekea bondeni. Nakijwa hakumwambia aende mpaka upi. Lilikuwa jambo dogo, na mtoto alikuwa amekwisha kukimbia.

Ukungu wa milima ile hauji kama mvua, kwa kelele. Mtu anainamia kazi yake, na anapoinua kichwa haoni mikono yake mwenyewe. Senkondo alirudi akipapasa, Mgonja akimshika shati kwa nyuma. Nanzighe alikuwa hajaenda mbali. Namkunda hakurudi. Nakijwa alingoja kidogo, kisha akaita kama alivyozoea kuita kila asubuhi ili ajue nani amefika.

"Nam..."

"...kunda," ikajibu sauti kutoka juu, upande wa genge.

"...kunda," ikajibu sauti kutoka bondeni.

Zilikuwa sauti mbili, na zote mbili zilikuwa sauti ya mtoto. Hakuna iliyokuwa nene kuliko nyingine, wala iliyotetemeka zaidi. Aliita tena, na majibu yakaja tena, juu na chini, na safari hii la bondeni lilitangulia kidogo, kana kwamba limejifunza kutochelewa.

Kajiru na Nambike walifika kwa kuifuata sauti ya mwito. Walikuwa wameuona ukungu ukishuka wakaja kumchukua mtoto wao. Nakijwa aliwaambia yaliyotokea kwa maneno machache. Kajiru hakungoja amalize. Akaiweka mikono kinywani akapiga ukelele mmoja mrefu wa jina la binti yake. Sauti ya bondeni ikajibu kwa ukaribu, kwa uwazi. Ya juu ilijibu pia, lakini upepo uliipeleka kando.

"Yuko chini," Kajiru akasema.

Nakijwa alimshika mkono, akamwambia asiende, kwamba hawajui ni ipi. Kajiru alijibu kwamba baba haijui sauti ya mwanawe kwa kuhesabu, anaijua kwa moyo. Akautoa mkono wa dada yake taratibu, bila ukali, akaliweka jembe chini, akaanza kuteremka. Ukungu ulimmeza kabla hajapiga hatua za kutosha kusikika.

Nambike naye alianza kuita. Aliita jina, akaita mwanangu, akaita njoo, na kila alichokiita kilirudi mkia wake kutoka pande mbili. Kadiri alivyoita ndivyo sauti ya chini ilivyozidi nguvu na ya juu ilivyozidi kufifia, kwa maana mtoto huchoka, na kitu kile hakikuwa na mapafu ya kuchoka.

Hapo Nakijwa akalielewa jambo lenyewe, na kulielewa kulimwogofya kuliko kutolielewa. Kitu kile hakiwezi kuanza neno. Hakijui neno linaanzaje. Kinangoja kupewa kichwa, na wao wamekuwa wakikipa tangu ukungu uliposhuka. Wakinyamaza wote, kitanyamaza. Atakayesema wa kwanza katika kimya hicho, huyo atakuwa mtu.

Alimwambia Nambike hivyo, akiwa amemsogelea mpaka vipaji vyao vya uso vikakaribiana, kwa sauti ya kunong'ona.

Nambike alisikiliza. Kisha akauliza, naye kwa kunong'ona, "Na mwanangu, wifi? Ulimfundisha lini kuanza?"

Namkunda alikuwa mtoto mtiifu. Aliambiwa angoje kichwa, na alikuwa akingoja. Mahali fulani katika ukungu ule alikuwa amesimama, jani mkononi, akingoja mwalimu wake aanze ili naye amalizie, kama alivyolelewa. Katika jambo hilo moja hakuwa na tofauti na kile kilichokaa Ikonde, na aliyewafananisha ni Nakijwa.

Hata hivyo hapakuwa na njia nyingine. Wakanyamaza. Nakijwa aliwakalisha watoto chini, mgongo kwa mgongo, akawaashiria wazibe midomo. Maji ya ndiva yalikuwa yametulia. Umande ulidondoka kutoka kwenye nyasi za paa la kibanda. Kwa muda hapakuwa na sauti yoyote ya mtu Kihungwe nzima.

Kisha wakamsikia Kajiru.

Alikuwa mbali, chini, na bado akishuka. Hakujua habari ya kunyamaza. "Namkunda," aliita, "njoo kwa baba."

"...kwa baba," ikajibu sauti ya kitoto mbele yake.

"Kaa hapo hapo. Nakuja."

"...kuja."

Nambike alivuta pumzi afungue kinywa, na Nakijwa akakiziba kwa kiganja chake. Aliwaza kwa haraka ya mtu anayeangukiwa na nyumba. Wakimwita Kajiru, kitu kile kitaumega mwito wao na kumrushia mikia yake kutoka mbele, naye ataendelea kuifuata. Na huko juu mtoto atausikia mwito, atauitikia badala ya kuanza, na hawatajua tena yupi ni yupi mpaka giza liingie. Mtoto aliyesimama kando ya genge hawezi kusimama mpaka giza liingie. Aliwaza hayo yote, na kwa upande mwingine wa akili yake alisikia uzito wa Kajiru mchanga mgongoni, na kichwa chake kikimlalia begani.

Nambike alimng'ata. Nakijwa aliyasikia meno yakizama nyamani, na hakuuondoa mkono.

"Namkunda, mbona unakwenda mbele?" Kajiru akauliza, chini kabisa sasa, na katika sauti yake mlikuwa na mshangao tu, hamkuwa na hofu.

"...mbele."

Kisha mawe yakaporomoka. Kishindo chake kilipanda hadi kwenye uwanda, na baada yake kikaja kishindo cha pili kinachofanana nacho, chepesi zaidi, kana kwamba jabali linajifunza hata hilo. Walingoja Kajiru aseme neno. Hakusema.

Nakijwa akauondoa mkono. Damu ilikuwa ikimtiririka hadi kiwiko. Nambike hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, karibu ya upole, "Ungekuwa umezaa, wifi, usingeniziba mdomo." Akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, akajifunika uso kwa upande wa nguo yake.

Walikaa hivyo. Nanzighe alilia bila sauti, machozi yakipita juu ya vidole vilivyoziba mdomo. Senkondo alikuwa amemshika Mgonja kwa nguvu hata kumwachia alama. Weupe wa ukungu ulianza kugeuka kijivu, na Nakijwa akajua kwamba jua linakwenda kuzama mahali wasipoliona. Alitamani kusema hata neno moja. Alitamani kumpa mtoto kichwa kidogo tu, herufi moja, kama alivyowapa siku zote. Akaupeleka mkono wake wenye jeraha kinywani mwake mwenyewe na kuung'ata mahali pale pale Nambike alipoung'ata.

Na kutoka juu, upande wa genge, sauti ndogo iliyokauka ikasema, "Shangazi, mbona mmenyamaza?"

"...nyamaza," bonde likasema.

Nakijwa alikuwa amekwisha kusimama. Nambike alikuwa amekwisha kumpita. Walipanda bila kuita, mikono mbele, wakiigonga miguu yao kwenye mizizi. Mtoto, akiwa ameanza, aliendelea, kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Alisema jani amelipata. Alisema miguu inamuuma. Alisema hapa mbele yake haoni chini, na akanyamaza, na akasema tena kwamba amesikia sauti ikimjibia kila alipojibu, naye haipendi. Kila alilosema lilikatwa mkia na kurudishwa kutoka Ikonde, lakini daima nyuma yake, wala sauti ya bondeni haikuweza kumtangulia tena. Waliifuata ile inayotangulia. Nambike alimkuta kwa kumgusa. Namkunda alikuwa amesimama ukingoni mwa genge, vidole vya mguu mmoja vikining'inia hewani, na jani la sale alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili.

Nambike alimvuta akamkumbatia, na mtoto akauliza baba yuko wapi. Bonde likasema, "...wapi."

Na tangu siku hiyo, milima haikuwa bubu tena. Ukisimama mbele ya jabali ukapaza sauti, unarudishiwa mkia wa neno lako, wala hutarudishiwa kichwa chake, kwa sababu hakuna aliyekifundisha kitu kile maneno yanavyoanza. Zamani kilijibu kwa sauti ya kitoto. Siku hizi kinajibu kwa sauti yako mwenyewe, maana watoto hawaitiki tena kwa pamoja na hakina wengine wa kuwaigiza.

Kihungwe, mtoto anayefundishwa neno husimama peke yake akalisema lote, tangu mwanzo. Akifundishwa hadithi, huisimulia kuanzia pale inapoanzia, hata akikosea, hata wenzake wakimcheka, na mwalimu haruhusiwi kumsaidia kwa nusu ya neno. Wageni wanaofika pale huona kwamba mafunzo yao yanakwenda polepole na hayapendezi kusikiliza. Ni kweli. Na mtu akipotea katika ukungu, watu wa Kihungwe hawamwiti. Hukaa chini, wakaziba midomo, wakamngoja yeye aseme kwanza. Mwalimu wa kwanza kufundisha hivyo alikuwa Nakijwa wa Mndeme mwenyewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu.

Ukungu wa siku ile uliondoka asubuhi yake. Watu waliteremka bondeni wakamkuta Kajiru wa Mndeme chini ya jabali la Ikonde. Alikuwa amekufa.